Njia panda ya kipimo cha 57: kisa cha mpiga piano aliyejikuta amerudi nyuma

Mpiga piano akisahau mbele ya watu, wa kwanza kulaumiwa ni woga. Nakubali woga upo, na mikono inayotetemeka haimsaidii mtu. Lakini woga hauchagui mahali pa kusahau. Mahali penyewe huwa pamekwisha kuchaguliwa wakati wa mazoezi, na mara nyingi wala si pale pagumu kwa vidole. Kisa hiki kinaonyesha jambo hilo waziwazi kuliko kingine chochote nilichokutana nacho katika kufundisha, ndiyo maana nakieleza kwa urefu.

Mwanafunzi ni mtu mzima, aliyeanza piano akiwa tayari ana majukumu yake. Ana sikio zuri na ana bidii. Kipande chake kilikuwa mwendo wa kwanza (kati ya mitatu) wa sonata ya Mozart katika ufunguo wa C meja, yaani muziki ambao noti ya C ndiyo nyumbani kwake, K. 545 (namba yake katika orodha ya kazi za Mozart), ile ambayo karibu kila anayejifunza piano huipitia. Nyumbani aliicheza bila karatasi, toka mwanzo hadi mwisho, bila kukwama. Darasani hivyohivyo. Siku ya kucheza mbele ya wasikilizaji wachache alianza vizuri, akarudia sehemu ya kwanza kama ilivyoandikwa, akapita sehemu ya kati, akaingia kwenye marejeo ya melodi ya kwanza. Halafu, bila kukosea noti hata moja, akajikuta anamaliza sehemu ya kwanza tena, katika G. Akaendelea na sehemu ya kati mara ya pili. Akafika tena kwenye marejeo, akaelewa kwamba anazunguka, akaondoa mikono kwenye vitufe.

Wasikilizaji walidhani amechoka. Yeye aliniambia baadaye: "Mwalimu, sikusahau kitu. Nilikumbuka kitu ambacho si cha pale." Sijawahi kusikia tatizo hili likielezwa vizuri zaidi ya hapo.

Ili tuelewe kilichotokea lazima tuufungue muziki wenyewe. Mozart aliiandika sonata hii katika orodha ya kazi zake tarehe 26 Juni 1788, siku moja na simfoni yake ya 39, akaitaja kuwa sonata ndogo ya piano kwa wanaoanza. Kwa vidole, ni kweli. Kwa kumbukumbu, si ya wanaoanza hata kidogo. Mwendo wa kwanza una vipimo 73 (kipimo ni nafasi iliyo kati ya mistari miwili ya wima kwenye karatasi ya noti). Vipimo 28 vya mwanzo ni sehemu ya kwanza: melodi ya kwanza katika C, kisha skeli (noti zinazofuatana kama ngazi) za mkono wa kulia zinazopanda na kushuka kuanzia kipimo cha 5, kisha muziki unatua kwenye kordi (noti kadhaa za pamoja) ya G katika kipimo cha 12 na kusimama kidogo. Kipimo cha 13 mkono wa kushoto unaanza kuzungusha noti peke yake, na cha 14 inaingia melodi ya pili katika ufunguo wa G, ikishuka D, B, G. Vipimo vya 29 hadi 41 ni sehemu ya kati, inayoanza katika G ndogo (kinyume cha meja, yenye sauti ya huzuni zaidi) na kutangatanga kwenye funguo nyingine.

Kipimo cha 42 ndipo jambo lenyewe linapoanza. Kwa desturi ya sonata za wakati ule, melodi ya kwanza inaporudi hurudi katika ufunguo wake wa nyumbani. Hapa hairudi hivyo. Inarudi katika F. Skeli za mkono wa kulia zinafuata, sasa zikiwa na B bapa (B iliyoshushwa kidogo, kitufe cheusi). Kisha Mozart anaongeza vipimo vinne ambavyo havikuwepo mwanzoni: kuanzia kipimo cha 50 skeli zinahamia mkono wa kushoto. Baada ya hapo mkono wa kulia unazichukua tena, na katika kipimo cha 57 muziki unatua na kusimama. Wapi? Kwenye kordi ileile ya G, mikono ikiwa imekaa palepale ilipokuwa katika kipimo cha 12.

Kwa hiyo kuna kituo kimoja chenye njia mbili za kutokea. Mara ya kwanza kordi ile ya G inafunguka na kuingia melodi ya pili katika G. Mara ya pili kordi hiyohiyo inafunguka na kuingia melodi ya pili katika C, ikishuka G, E, C, katika kipimo cha 59. Masikio yanasikia kitu kilekile na vidole vinagusa vitufe vilevile. Ukisimama pale huku umesahau ulikotoka, hakuna chochote mbele yako kinachokuambia uende wapi. Hiyo ndiyo njia panda, na mwanafunzi wangu alipofika pale alichukua ile aliyoizoea zaidi.

Kwa nini aliizoea zaidi? Jibu liko kwenye jinsi alivyofanya mazoezi, na nadhani wengi watajitambua hapa. Kila mara alianza kipimo cha 1. Akikwama popote, alirudi kipimo cha 1. Sehemu ya kwanza ina alama ya kurudia, naye aliitii. Kwa utaratibu huo kituo cha kipimo cha 12 kinapitiwa angalau mara mbili kwa kila mara moja ya kipimo cha 57, na ukiongeza zile safari zilizovunjika katikati, tofauti inakuwa kubwa mno. Mikono haijui kwamba kuna sehemu ya kwanza na marejeo. Inajua tu kwamba baada ya mguso huu, mara nyingi hufuata ule.

Kabla ya kutoa dawa nilitaka kujua kumbukumbu yake imekaa wapi hasa. Mpiga piano anakumbuka kwa njia kadhaa kwa pamoja: mwili unakumbuka mfuatano wa miguso, sikio linakumbuka sauti inayokuja, jicho linakumbuka sura ya ukurasa na umbo la mkono kwenye vitufe, na akili inakumbuka kwa maana, yaani ufunguo gani, kordi gani, sehemu gani ya jengo zima. Kipande kikichezwa kwa kasi yake ya kawaida, huwezi kujua ni ipi inayobeba mzigo. Zote zinaonekana kufanya kazi. Inabidi uondoe moja moja.

Kwanza nilimwomba acheze polepole sana, polepole kiasi cha kuchosha, noti moja kisha kupumua. Alipotea katika kipimo cha 7. Hili ni jaribio ninaloliamini kuliko yote, kwa sababu mwili hukumbuka kwa mwendo: ukipunguza kasi mno, mguso mmoja hauuiti tena mguso unaofuata, na kinachobaki ni kile tu unachokijua kwa akili na kwa sikio. Kisha mkono wa kushoto peke yake. Alifika mbali kidogo, halafu akasema hajui mkono ule unacheza nini kama wa kulia haupo. Kisha nikamwomba aanzie kipimo cha 42. Hakuweza. Alilazimika kuanza nyuma, akifukuza muziki kwa kasi hadi aufikie. Mwisho nikafunga piano, nikamwuliza melodi ya kwanza inaporudi inarudi katika ufunguo gani. Alidhani ni C.

Jibu hilo la mwisho lilinieleza kila kitu. Vidole vyake vilicheza F na B bapa kwa usahihi kila siku, lakini yeye mwenyewe hakujua kwamba yuko katika F. Na kama hujui kwamba umekuwa katika F, huna sababu ya kutarajia kwamba njia ya kutoka itakuwa tofauti na ile ya mwanzo. Kumbukumbu ya mwili ilikuwa imebeba kila kitu peke yake. Kumbukumbu hiyo ina nguvu na ina kasi, na bila hiyo hakuna anayecheza piano. Lakini ina udhaifu mmoja mkubwa: ikikatika haina mahali pengine pa kushika, na ikigeuka njia haikuambii kwamba imegeuka. Ndiyo maana hakukosea noti hata moja wakati anapotea.

Tatizo la njia panda limechunguzwa. Mwanasaikolojia Roger Chaffin alimfuatilia mpiga piano Gabriela Imreh alipokuwa akijifunza Presto, mwendo wa mwisho wa Konseto ya Kiitaliano ya Bach, muziki ambao melodi yake inarudi mara kwa mara na kila mara inatokea upande mwingine. Zaidi ya miaka miwili baadaye Imreh aliombwa aandike noti kutoka kichwani. Mianzo ya sehemu ilikuwa imebaki vizuri, na kadiri sehemu ilivyosonga mbele kumbukumbu ilififia. Yaani hata kwa mtaalamu, kipande hakikai kichwani kama mstari mmoja mrefu. Kinakaa kama milango. Ukiufikia mlango, vidole vitakupeleka ndani. Na kazi yake ya makusudi, ile aliyoifanya akifikiri, ilielekezwa sana kwenye milango hiyo na kwenye pale ambapo vifungu vinavyofanana vinaachana.

Nifungue mabano hapa, kwa sababu mwanafunzi aliniuliza swali la haki: kwa nini tusicheze tu na karatasi? Mtindo wa kucheza bila karatasi si wa tangu zamani. Mpiga piano Clara Wieck, aliyekuja kuwa Clara Schumann, alicheza Beethoven kwa kukariri mjini Berlin mwaka 1837, akiwa kijana, na wapo walioona ni majivuno. Sviatoslav Richter, mmoja wa wapiga piano wakubwa wa karne ya 20, katika miaka yake ya mwisho alicheza akiwa na karatasi mbele yake. Mimi sikubaliani na wanaofanya kukariri kuwa kipimo cha ubora wa mtu. Nathamini kukariri kwa sababu nyingine: huwezi kukariri kwa uhakika bila kuelewa, na kuelewa huko kunabaki hata ukiamua kurudisha karatasi. Nilimwambia achague. Akachagua kukariri, lakini safari hii kwa kujua.

Kazi ilianza mbali na piano, na hiyo ndiyo sehemu iliyokuwa ngumu kwake. Alikaa na karatasi na penseli, akaandika juu ya kila sehemu jina la ufunguo. Hamu ya mwanzo ilikuwa kuandika kila kitu: kila kordi, kila kidole, kila hisia. Baada ya muda mfupi ukurasa ulijaa, na alipojaribu kucheza akiukumbuka alikwama, kwa kuwa akili haiwezi kusoma maandishi mengi kiasi hicho huku mikono inakimbia. Tukafuta karibu yote. Zilibaki alama chache tu: mwanzo wa kila sehemu, na njia panda mbili, ile ya kordi ya G na ile ya kipimo cha 28, ambapo mara ya kwanza unarudi mwanzo na mara ya pili unaingia G ndogo.

Kisha tukaweka vifungu viwili kando kwa kando. Alicheza vipimo vya 9 hadi 16, akanyamaza, kisha 54 hadi 61, akanyamaza, na tena, akitaja kwa sauti ufunguo anaokwenda kabla hajaufikia. Watu wengi huogopa zoezi hili, wakidhani kuweka vitu vinavyofanana karibu kutavichanganya zaidi. Ninaloliona ni kinyume chake. Vinachanganyika kwa sababu havijawahi kukutana. Kila kimoja kimefanyiwa mazoezi ndani ya safari yake ndefu, na akili haijapata nafasi ya kuona tofauti. Ukiviweka pamoja, tofauti inajitokeza: melodi ya pili katika G ina F kali (F iliyopandishwa, kitufe cheusi) chini ya mkono, ile ya C ni vitufe vyeupe, na mkono mzima unakaa mahali pengine kwenye piano.

Lakini kujua njia zote mbili hakutoshi. Bado ukifika kwenye kordi ya G lazima ujue hii ni mara ya ngapi, na kordi yenyewe haisemi. Hapo ndipo tulipogundua kwamba jibu halipo kwenye njia panda. Liko nyuma yake, kwenye vile vipimo vinne alivyoongeza Mozart. Katika sehemu ya kwanza, skeli za mkono wa kushoto hazikuwepo. Baada ya melodi ya kwanza, mkono wa kushoto ukianza kukimbia, ni marejeo, na utatoka kwa C. Kwa hiyo tukaihamisha alama: badala ya kuiweka kipimo cha 57, tukaiweka kipimo cha 50. Pale mkono wa kushoto unapoanza skeli, mwanafunzi anasikia kichwani G, E, C, noti tatu za melodi anayoiendea, na anazishikilia hadi azifikie. Vipimo vichache tu vya kushikilia. Hilo linawezekana hata moyo ukidunda.

Ningependa walimu wenzangu walifikirie jambo hili. Tukiona mwanafunzi anakosea mahali fulani, tunamfanyisha mazoezi mahali hapohapo. Kwa kosa la vidole ni sawa. Kwa kosa la kumbukumbu, mahali pa kosa mara nyingi hapana habari yoyote. Habari ilipita kabla, na haikuchukuliwa.

Yaliyobaki nitayapita haraka. Alijifunza kuanza kutoka kila mlango, bila mpangilio, nikitaja namba tu. Alijifunza kutoka mwisho kwenda mwanzo, vipimo vya 71 hadi 73 kwanza, kisha kutoka 59, kisha kutoka 54, ili kila anapoendelea awe anaelekea kwenye kitu anachokijua zaidi. Huo ni mpangilio ulio kinyume kabisa na ule wa awali, ambapo kila hatua ilimpeleka kwenye kitu alichokijua kidogo zaidi. Mkono wa kushoto peke yake, hadi aweze kuuimba. Na usiku, kabla ya kulala, kuupitia mwendo wote kichwani bila piano, akisikia na kuhisi vitufe bila kusogeza vidole. Alipokwama kichwani hakulazimisha, aliandika mahali na kupatazama asubuhi. Mpiga piano Walter Gieseking na mwalimu wake Karl Leimer walijulikana kwa kujifunza muziki kwa kuusoma kimya kabla ya kuugusa. Sisi wengine hatutafika kiwango chao, lakini hata kidogo cha namna hiyo kinaonyesha mashimo ambayo vidole huyaficha.

Jambo moja zaidi tulilifanyia mazoezi: kukosea. Nilimsimamisha popote katikati ya kucheza, kwa kupiga kofi, naye akaruka mbele hadi mlango unaofuata. Kamwe si nyuma. Anayerudi nyuma anaipita tena njia ileile iliyompoteza, na mara nyingi inampoteza tena. Hayo ndiyo yaliyompata siku ile. Anayeruka mbele amepoteza vipimo vichache, na wasikilizaji wengi hata hawatajua. Mwanzoni alichukia zoezi hili. Baadaye aliniambia ndilo lililomtuliza zaidi ya yote, kwa sababu hofu yake haikuwa kukosea, ilikuwa kukosa pa kwenda baada ya kukosea.

Alicheza tena mbele ya watu, kwenye piano asiyoizoea. Kabla ya hapo alikuwa amecheza mbele ya rafiki mmoja, kisha mbele ya wawili, kisha kwenye piano ya mtu mwingine, maana kumbukumbu iliyojengwa chumba kimoja hushikamana na chumba hicho. Skeli za mkono wa kushoto zilipoanza nilimwona akiinua kichwa kidogo. Aliingia C. Katika vipimo vya mwisho aliteleza noti mbili za arpejio (kordi inayochezwa noti moja moja), akaendelea kana kwamba hazikuteleza.

Bado kuna udhaifu. Kiungo cha kipimo cha 28 hakijatulia akicheza bila kurudia sehemu ya kwanza, kwa sababu mazoezi yake mengi yalikuwa na marudio, na tunalifanyia kazi. Sasa ameanza mwendo wa tatu wa sonata hiyohiyo, rondo, ambayo melodi yake kuu inarudi kila mara na kila mara inatokea kwingine. Kabla ya kugusa kitufe alikuja darasani na karatasi iliyochorwa mistari ya penseli, kila mahali melodi inapoondoka pamezungushiwa duara, na swali lake la kwanza lilikuwa ni alama gani inayotangulia kila duara.